Nitaandikaje wasifu wa mama yetu, aliyelelewa kihambani akawa mke wa mwanajeshi?

Mtoto wa Nne

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mwezi uliopita tulimzika mama yetu mzazi huko Kibosho, Kilimanjaro, katika kihamba cha baba (shamba la ukoo la migomba na kahawa), hatua chache kutoka mahali baba alipolala tangu mwaka 2003. Historia ya marehemu iliyosomwa siku ile iliandikwa usiku wa kuamkia maziko na kaka yetu mkubwa pamoja na baba mdogo, watu ambao hawakuwa wamelala kwa siku tatu, nami siwalaumu hata kidogo. Lakini niliposimama kando ya jeneza nikiisikiliza, nilijikuta nikihesabu. Baba alijiunga na Jeshi la Wananchi mwaka 1966, baba akapelekwa Nachingwea, baba akahamishiwa Tabora, baba akaenda vitani dhidi ya Idi Amin wa Uganda akavuka daraja la Kyaka mwezi Novemba 1978, baba akastaafu mwaka 1986. Mama alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita, akaugua, akafariki. Hayo ndiyo yaliyosemwa juu yake, na baada ya hapo tukaimba wimbo.

Tumekubaliana kwamba ifikapo misa ya arobaini tutoe kijitabu cha kurasa nane au kumi kuhusu maisha yake, ili wajukuu, ambao wengi wao wamezaliwa Dar es Salaam na wawili wako ughaibuni, wamjue bibi yao. Kazi hiyo nimekabidhiwa mimi kwa sababu ndiye niliyeishi naye miaka yake kumi ya mwisho. Nimeanza kuandika mara tatu, na mara tatu nimefuta.

Kinachonikwamisha kwanza ni kwamba karibu kila karatasi iliyomo katika nyumba ile ina jina la baba. Kota tulizokaa zilikuwa za baba. Barua zilizotoka kikosini ziliandikwa "Mke wa Sajenti" na kufuatiwa na jina la baba. Hata kitabu cha kahawa cha mwaka 1969, ambacho mkulima alikwenda nacho kwenye chama cha ushirika kupimiwa kilo zake, kina jina la baba, wakati mwaka huo baba alikuwa Lugalo na mama alikuwa Kibosho na mkwewe. Aliyechuma kahawa ile, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha kwa maji ya mfereji, akaianika juu ya vichanja na kuikimbilia kila wingu lilipotanda, ni mama, akiwa na kaka yetu mkubwa mgongoni.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Julai 1948, lakini mwenyewe alituambia kwamba siku na mwezi vilichaguliwa na karani. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba Mangi Mkuu, mtawala wa Wachaga wote, alipochaguliwa yeye tayari alikuwa anatumwa maji kwa kibuyu kidogo, na kwamba usiku ule Mwenge ulipowashwa juu ya mlima alikuwa darasa la tano na walikesha nje wakitazama juu, ingawa mawingu hayakuwaruhusu kuona kitu.

La tatu ndilo zito zaidi, na juu yake sisi watoto hatujaelewana. Baba alirudi kutoka Uganda akiwa mzima wa viungo, ila hakuwa mtu yule yule. Kwa miaka kadhaa hakulala usingizi wa kawaida, alinyamaza siku nzima, na mara nyingine alikunywa kupita kiasi. Mama ndiye aliyebeba miaka hiyo. Dada yangu anasema tukiyaacha hayo tutakuwa tumemficha mama kwa mara ya pili. Kaka yangu anasema kijitabu cha arobaini ya mama si mahali pa kumvua baba nguo.

Kwa hiyo naomba ushauri kwa wale waliowahi kuandika habari kama hizi. Je, nimwandike mama kama mtoto wa wakulima na mkulima aliyekuwa, nikaliacha kabisa jeshi pembeni, ili angalau mara moja habari yake isiwe mkia wa habari ya baba? Na hiyo miaka ya baada ya vita niifanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Ndugu yangu, pole sana wewe na ukoo wote kwa msiba huu. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na moja, na katika hiyo nimeombwa kurekebisha historia za marehemu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona.

Umeorodhesha vitenzi vilivyotumika kwa mama, na huenda hukugundua kilichokuuma ndani yake. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa. Vyote vitatu ni vya kauli ya kutendwa. Kiswahili kinatupa umbo hilo kwa mambo haya na si kosa kulitumia, lakini mwandishi akikomea hapo, mwanamke anakuwa mtu ambaye maisha yake yote alitendewa. Sasa rudi kwenye aya yako kuhusu kahawa: alichuma, akaimenya, akaiosha, akaianika, akaikimbilia. Hapo hukuhitaji ushauri wa mtu yeyote. Iandike aya hiyo karibu na mwanzo wa kijitabu, kama ulivyoiandika hapa.

Kuhusu karatasi, nina hakika zipo zenye jina lake, ila hazikai kwenye faili la baba. Tafuta kadi za kliniki za watoto, kwa kuwa mwuguzi huandika jina la mama kwanza. Nenda parokiani uombe kuangalia daftari la ubatizo, ambamo utakuta majina ya wazazi wake, ya msimamizi wake, na mara nyingi tarehe ya kuzaliwa iliyosemwa na watu waliokuwepo. Hiyo ina uzito kuliko tarehe ya karani. Angalia kama alikuwa na kadi ya UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanzania) au daftari la jumuiya. Halafu chukua vyeti vya kuzaliwa vyenu sita na uvipange kwa miaka. Mahali mlipozaliwa ni ramani ya safari zake, nayo haimhitaji afisa wa uhamisho kuieleza.

Alama alizokupa mama zinasaidia sana. Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga mwaka 1951. Mtoto anayetumwa maji kwa kibuyu kidogo ana umri wa miaka mitatu au minne, kwa hiyo mwaka 1947 au 1948 unakubalika. Mwenge uliwekwa kileleni usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, na aliyeupandisha pamoja na bendera alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi. Mama yako basi alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, amesimama katika migomba ya baba yake, akimtazama mwanajeshi asiyeweza kumwona. Hilo ni lako kulitumia ukitaka, mimi nisingeliacha.

Kitabu cha kahawa kinahitaji maelezo kwa wajukuu, maana hawatajua uzito wake. Katika vihamba vyetu kahawa ilihesabiwa kuwa ya mwanamume, na ndizi na maziwa vilikuwa vya mwanamke. Mwanachama wa chama cha msingi alikuwa mume, na kupitia chama hicho kahawa ilikwenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Kwa hiyo mkewe alifanya kazi ya mwaka mzima iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine, na huku akaendesha uchumi wake mwenyewe wa mikungu ya ndizi na chupa za maziwa ambao haukuandikwa popote. Waulize majirani wazee alikuwa anauza soko gani na siku zipi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kahawa ikawa inapitia kijijini, kwa hiyo kitabu chako cha 1969 ni kumbukumbu ya utaratibu ambao vijana wengi hawajausikia. Kitunze vizuri, na ukiweza weka picha ya ukurasa mmoja ndani ya kijitabu, jina la baba likiwa limeonekana wazi, na chini yake uandike nani alichuma.

Juu ya jeshi na miaka ya baada ya vita sitasema, kwa sababu sikuyaishi. Nawaachia waliokaa kota.

Mjane wa Kota

Mwanangu, marahaba, na pole sana. Mungu amlaze mama mahali pema. Mimi ni mjane wa askari, nimezaliwa Njombe, nimekulia kwenye mahindi, ulezi na pareto, nikaolewa mwaka 1970, na nilikuwa Tabora vita vilipoanza. Inawezekana mama yako nilimfahamu, maana tulikuwa wengi na tuliitana kwa majina ya watoto wetu wa kwanza. Sitauliza jina hapa.

Nakuomba usiliondoe jeshi. Naelewa kwa nini unataka kufanya hivyo, na nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Lakini ukiliondoa utakuwa umemwondolea mama miaka kumi na mitano ya kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifanya kwa niaba yake. Jeshi halikuwa la baba yako peke yake. Yeye aliapa, sisi hatukuapa, lakini tuliishi ndani ya kiapo kile kila siku.

Nitakueleza ili uwe na la kuandika. Kota ilikuwa chumba kimoja na sebule, na jiko la nje la kushirikiana. Upande wangu wa kulia alikaa Mkurya, wa kushoto Mmakonde, mbele yetu Mnyamwezi na Mchaga. Hakuna aliyekuwa na mama yake karibu, wala mkwe, wala shangazi wa kumwuliza mtoto akishikwa na degedege usiku. Kwa hiyo tulikuwa mama na shangazi za wenzetu. Mwenzetu akijifungua, Mchaga alipika mtori kama ndizi zimepatikana. Wanyamwezi walitufundisha kukausha viazi tukapata michembe ya kutunza kwa miezi ya njaa. Wale waliolelewa shambani tulijuana mara moja, maana hatukuweza kuona udongo ukikaa bure. Palipokuwa na nafasi ya hatua tatu kati ya ukuta na njia, palikuwa na matembele. Wake waliotoka mjini walitucheka mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili wakaja kuomba mbegu.

Kisha ikaja ile Novemba 1978. Majeshi ya Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa akasema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Tuliisikiliza hotuba hiyo kwenye redio moja, wanawake kumi au zaidi, na watu wakapiga makofi. Mimi niliwaangalia wenzangu wa kota nikaona hakuna aliyepiga makofi kwa haraka. Tulipiga, lakini baadaye kidogo. Waume zetu waliondoka usiku. Tulifunga maandazi na mihogo iliyochemshwa kwenye vitambaa, hakukuwa na maneno mengi, na asubuhi kambi ilikuwa na sauti za watoto na wanawake tu.

Kuanzia hapo maisha yetu yalikuwa ya kusikiliza. Tulisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania, na tulisikiliza gari. Landrova ikiingia upande wa kota mchana, kila mwanamke alisimama mlangoni kwake na kuomba kwa lugha yake isisimame hapo. Ikisimama kwa jirani, ulimshukuru Mungu kisha ukaona aibu kwa sababu ya shukrani ile, ukajifunga kanga ya pili ukaenda kumshika mwenzako. Wengi wa waliokufa walizikwa Kaboya huko Kagera, kwa hiyo tulilia misiba isiyokuwa na jeneza. Tuliketi mkekani siku tatu, tukapika, tukanyoa watoto nywele kwa wale ambao mila yao ni hiyo, na hapakuwa na kaburi la kwenda kumwagia maji. Kama mama yako alikuwa Tabora mwaka ule, alifanya hayo, na mtu anayefanya hayo anastahili yaandikwe kwa jina lake.

Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979 tulicheza ngoma uwanjani. Lakini hatukujua bado nani amepona, na wengine hawakurudi hadi mwaka uliofuata au zaidi, kwa sababu walibaki Uganda kulinda. Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane, na miezi hiyo ikawa miaka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mafuta ya taa kwa foleni.

Hapo ndipo nakujibu lile swali lako la tatu. Wako waliorudi namna hiyo, na mume wangu pia. Hatukuwa na jina la ugonjwa huo wala daktari wa kuuliza. Tulichofahamu ni kwamba gizani walishtuka. Kwa hiyo tuliwasha koroboi usiku kucha. Mwanangu, tafadhali fahamu maana ya kuwasha koroboi usiku kucha mwaka 1981, wakati lita moja ya mafuta ya taa ilikuwa kazi ya siku nzima ya foleni. Watoto walikula kabla jua halijazama ili mafuta yabaki kwa ajili ya baba yao. Huna haja ya kuandika alikunywa kiasi gani. Andika kwamba mama aliacha taa ikiwaka. Kaka yako hatapata la kulalamikia, na dada yako atajua kwamba umesema.

Mzaliwa wa Kyaka

Pole, ndugu. Nina neno moja dogo la kurekebisha, kwa sababu kijitabu kitakaa miaka mingi na hamtapenda kiwe na kosa. Mmesema baba alivuka daraja la Kyaka mwezi Novemba 1978. Daraja hilo lilibomolewa na majeshi ya Amin mwanzoni kabisa mwa mwezi huo, na vikosi vyetu viliporudi upande wa kaskazini wa Mto Kagera vilitumia daraja la muda. Kwa hiyo andikeni kwamba alivuka Mto Kagera, itatosha na itakuwa kweli.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Tulikimbia kusini na ng'ombe wawili na bibi yangu aliyebebwa kwenye machela, na tulilala porini siku nyingi. Askari wa kwanza niliyemwona alikuwa anatoka Kilimanjaro, alinipa biskuti ngumu za jeshi na akaniuliza kama kwetu tunakula ndizi za kupika. Nilipomwambia ndiyo, alinyamaza, kisha akasema mke wake nyumbani anazipika vizuri. Sikuwahi kumwona tena. Kwa hiyo nyie mnaoandika habari za wake wa askari, muwe na hakika kwamba sisi wa Kagera tulizisikia habari zao kutoka midomoni mwa waume zao, hata kama hatukuwajua.

Kama familia itapenda kufika Kaboya wakati wa Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, wenyeji tupo na mtakaribishwa.

Mtoto wa Nne

Shikamoo mama, na shikamoo mwalimu. Ndugu yangu wa Kyaka, asante kwa kutuokoa na kosa hilo. Nimemsomea kaka yangu ulichoandika kuhusu yule askari, naye alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Nimefanya kama mlivyosema. Juzi nilirudi Kibosho, nikashusha darini kopo la Kimbo ambalo mama hakuruhusu mtu aliguse, nikidhani lina mbegu. Ndani yake mlikuwa na kadi sita za kliniki zilizofungwa kwa uzi wa kushonea, kadi yake ya UWT, na cheti chake cha ubatizo. Cheti kinasema alizaliwa tarehe 14 Novemba 1947. Karani alikuwa amempunguzia miezi saba na nusu, na sasa tutabadilisha msalaba kabla haujajengewa.

Kadi ya nne ni yangu. Nilizaliwa Tabora, Januari 1979. Jina la mama limeandikwa kamili, majina yake matatu, kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri sana. Kwenye mstari wa baba, mwuguzi ameandika neno moja tu: "Vitani." Nina miaka yangu mingi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku niliyozaliwa mama yangu aliulizwa mume yuko wapi na ikabidi ajibu hivyo.

Jeshi litabaki, mama. Umenishawishi. Dada yangu amekubali na koroboi, na kaka pia. Yeye mwenyewe alikumbuka jambo ambalo mimi nilikuwa mdogo mno kulijua, kwamba mwaka 1982 mama alikuwa akimwamsha baba alfajiri, kabla ya watu wengine kuamka, na kumpeleka kwenye kijishamba chake nje ya uzio wa kota, akampa jembe, wakalima bila kusema neno hadi paragumu la kambi lilipolia. Kaka alidhani ni uvivu wa baba ndio uliomfanya asukumwe kwenda shambani. Sasa anaona mama alikuwa anatumia dawa pekee aliyotoka nayo kwao.

Naweka hapa sehemu niliyokwisha kuandika, mnisahihishe bila huruma.

"Mama alijifunza kazi kabla hajajifunza kusoma. Alifahamu ni mgomba upi wa kukatwa na upi wa kuachwa, na zamu ya ukoo wao kwenye mfereji ilikuwa siku gani, na alishuka tambarare na wenzake kukata majani ya ng'ombe akapanda nayo mlima kichwani. Mwaka 1968 aliolewa na askari aliyemwona mara tatu. Miaka mitatu ya kwanza alibaki katika kihamba cha mumewe, akachuma kahawa iliyoandikwa kwa jina la mumewe, akauza ndizi alizozikata mwenyewe, na kwa fedha za ndizi hizo akanunua nauli ya kumfuata Nachingwea.

"Katika mizigo aliyosafiri nayo mlikuwa na gunia lenye machipukizi manne ya mgomba wa mshare. Nachingwea yalikauka. Alipokwenda likizo alichukua mengine, na yalipokauka hayo pia, akaacha. Lakini Tabora aliona kwamba maji ya bafu la kota yalitiririka nyuma ya ukuta na kupotea mchangani, akachimba shimo hapo, akalijaza samadi aliyoomba kwa wafugaji, akapanda. Wanawake walimwambia nchi hii haina mvua ya migomba. Aliwaambia watu wa kota wanaoga kila siku.

"Mwezi Aprili 1979 alipanda treni na watoto wanne, mdogo akiwa na miezi mitatu, akarudi Kibosho bila kujua kama mume wake yu hai. Kahawa ya mwaka ule aliichuma yeye. Mumewe aliporejea Tabora mwaka 1980, alimfuata tena, akakuta migomba ile bado imesimama, kwa sababu jirani yake Mmakonde alikuwa akienda kuoga bafuni kwake kila jioni kwa makusudi."

Bado sijaandika miaka ya 1989 na kuendelea, bei ya kahawa ilipoanguka na yeye akageukia ng'ombe wa maziwa na kutusomesha wawili wa mwisho kwa maziwa hayo. Sehemu hiyo naifahamu vizuri, haitanisumbua.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Nimeisoma yote. Sina cha kusahihisha isipokuwa "akanunua nauli". Tuseme "akapata nauli". Kile alichowajibu wanawake juu ya kuoga kiache kama kilivyo.

Mjane wa Kota

Mwanangu, nimesoma hadi miwani imeingia ukungu. Nina swali moja tu, la mkulima kwa mtoto wa mkulima. Migomba ile ya Tabora ilizaa?

Mtoto wa Nne

Nimempigia dada yangu mkubwa simu nimwulize, maana yeye alikuwa na miaka kumi. Anasema ilizaa mkungu mmoja, mwaka 1981, mdogo, wenye vichana vinne. Mama aliukata wote akaupeleka kwa yule Mmakonde, aliyekuwa amejifungua wiki hiyo, akampikia mtori.